Mbuzi wa Ndani ya Miwani

Jumatatu, 12 Mei 2025

Miwani imefika! Sita. Ndani ya sanduku jeusi lenye sponji, kila moja imelala kwenye shimo lake. Karatasi iliyokuja nayo inaiita "miwani ya uhalisia pepe". Watoto wa Gredi ya 6 walichungulia dirishani wakaiita miwani. Inatosha.

Imeletwa na Kevin, afisa kijana wa shirika fulani la Nairobi. Mzaliwa wa hapa hapa Isiolo, lakini amekuja na viatu vyeupe, kwa hivyo ameshasahau. Ametueleza walimu wote: unavaa, unajikuta chini ya bahari, au juu ya mwezi, au ndani ya mwili wa mnyama. Sayansi bila chaki. Tumepewa wiki mbili za kujaribu. Ijumaa ya tarehe 23 atarudi na mkubwa wake kutazama somo moja. Wakiona watoto wamejifunza, miwani inabaki kwetu. Wasipoona, sanduku linafungwa na kupelekwa shule moja huko Merti.

Nimefundisha sayansi hapa Burat miaka kumi na tisa. Moyo wa binadamu ninaouchora ubaoni unafanana na kiazi kitamu. Najua. Watoto pia wanajua, na kuna mmoja aliyeandika hivyo kwenye mtihani, nikampa nusu alama kwa kusema kweli. Sanduku hili haliendi Merti. Nimeapa.

Kikwazo ni Madam Kendi. Anafundisha sayansi upande wa JSS, yaani sekondari ya chini, Gredi ya 7 hadi ya 9. Ana digrii, ana miaka ishirini na saba, na ana kikombe chake mwenyewe katika ofisi ya walimu. Mwalimu mkuu, Bwana Duba, aliuliza nani atasimamia miwani. Mikono miwili ikainuka. Wake ulitangulia. Wangu ulikuwa juu zaidi. Bwana Duba akaniuliza kama nimewahi kuvaa kitu kama hiki. Nikasema ndiyo, Meru. Si uongo. Meru nilivaa kitu cha kufanana nacho, kwa daktari wa macho.

Nimepewa ufunguo mimi, kwa sababu stoo imepakana na darasa langu. Madam Kendi alitabasamu. Silipendi lile tabasamu.

Jumanne, 13 Mei

Wakati wa chakula cha mchana nilijifungia stoo nifanye mazoezi peke yangu. Nikaingia baharini. Pazuri! Samaki wa kila rangi. Nikaanza kujiona profesa. Kisha akatokea nyangumi. Hakuna aliyeniambia kwamba nyangumi anakuja moja kwa moja usoni pa mtu. Nikarudi nyuma haraka, na nyuma kulikuwa na magunia mawili ya maharagwe ya wanafunzi.

Gunia moja likapasuka. Bwana Duba akaja mbio, akanikuta chali juu ya maharagwe. Nikamwambia nyoka.

Mchana kutwa stoo ilitolewa vitu nje. Mlinzi, wapishi wawili, na Gredi ya 8 nzima na fimbo. Nyoka hakuonekana. Kilichoonekana ni miwani chini ya gunia, na aliyeiona ni Madam Kendi. Akaifuta vumbi kwa leso, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nyoka ndiye aliyekuwa ameivaa.  Swali la uchokozi.

Jumatano, 14 Mei

Somo la kwanza. Watoto arobaini na mmoja, miwani sita. Nilipanga hivi: anayevaa anasimulia anachokiona, wengine wanaandika. Mpango wangu mwenyewe, sikuunakili popote. Ulifanya kazi hata mimi nikashangaa.

Kuna msichana anaitwa Apua, wa dawati la tatu. Miaka miwili sijamwona akiinua mkono. Leo alisimama katikati ya darasa, mikono ameitandaza, akatusimulia bahari yote, samaki mmoja mmoja, mpaka kengele ikalia. Hajawahi kuona maji mengi kuliko mto wetu wa Ewaso Nyiro ukifurika. Nilienda dirishani nikatazama nje kwa muda. Niliwaambia ni vumbi. Hapa naweza kusema ukweli: nililia kidogo.

Baadaye tukafungua somo la "Ndani ya Mbuzi". Unasimama ndani ya mbuzi mkubwa kama kanisa na kuona nyasi zikipita tumbo la kwanza mpaka la nne, halafu utumbo wote. Apua alizungusha kichwa taratibu, akavua miwani, akasema babu yake anafaa kuona hii.

Babu yake ni Mzee Akolong. Yumo katika bodi ya shule, na Burat nzima inamjua kwa kusoma matumbo. Akichinjwa mbuzi, utumbo unatandazwa, Mzee anautazama, anasema habari: mvua, ugonjwa, amani, safari. Hata wanaoenda kanisani Jumapili humwuliza Jumatatu.

Hapo ndipo wazo liliponijia. Fomu ya Kevin ina sehemu ya "ushirikiano wa jamii". Alama ishirini! Madam Kendi ana nini? Ana somo la volkano la Gredi ya 8. Mimi nitakuwa na Mzee Akolong, amevaa miwani, kwenye picha.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemtuma Apua na mwaliko. Mzee amekubali. Madam Kendi ameniuliza kama nimelifikiria jambo hili vizuri. Nikamwambia mambo ya jamii yanahitaji mtu mzima. Nimepiga shati pasi.

Ijumaa, 16 Mei

Mzee alifika saa nne na kigoda chake mkononi. Tukasalimiana kwa Kiturkana, Ejok, Ejok, nikamtafutia mahali pazuri darasani. Akavua kofia yake ya manyoya, nikamvisha miwani mwenyewe kwa mikono miwili, kwa heshima.

Niandike hapa bila kuficha: ningeweza kumpeleka baharini. Ningeweza kumpeleka mwezini. Nilimchagulia mbuzi ili akute kitu anachokijua.

Alikaa nayo dakika ishirini. Alikuwa akigeuza kichwa kidogo kidogo, huku kidole chake kikifuata kitu hewani. Nilipiga picha kumi na nne. Kisha akavua miwani na kuniuliza, "Hii mbuzi nani alichinja?" Nikamwambia hakuna aliyemchinja. Akauliza, "Na mwenyewe ako wapi?" Nikamwambia hana mwenyewe, ni picha ya kompyuta. Mzee akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyedanganywa sokoni.

Halafu akasema habari. Huyo mbuzi anasema wageni wanakuja kwa njia ya lami. Watakula hapa. Wakirudi watabeba kitu cha hapa. Na mifugo isilale karibu na mto.

Nilicheka. Mzee hakucheka. Akachukua kigoda chake akaondoka.

Picha nimemtumia Kevin. Amejibu kwa dole gumba.

Jumamosi, 17 Mei

Mke wangu Kagure alienda sokoni mjini kununua nyanya, akarudi na habari zangu. Eti kompyuta ya Mwalimu Ntongai imesema wageni watakuja Ijumaa kuchukua kitu Burat. Kitu gani? Kwenye nyanya walisema mashamba. Kwenye vitunguu walisema watoto. Alipofika kwenye kabeji walikuwa wameshakubaliana: watoto.

Mchana wakaja wazee watatu hapa nyumbani kuuliza kama miwani inaweza kusoma hata ngamia. Nikawakaribisha chai. Sikuwaambia hapana moja kwa moja. Walikuwa wananiita daktari.

Kagure akaniuliza kama hiyo mashine inaweza kusema ni lini Baba Mwenda, yaani mimi, atarekebisha mlango wa choo. Nimemwambia hayo ni mambo madogo.

Jumapili, 18 Mei

Mhubiri alizungumza juu ya watu wanaotafuta ishara kwenye vifaa. Hakutaja jina la mtu. Alinitazama mimi.

Jumatatu, 19 Mei

Balaa. Watoto waliokuja Gredi ya 6: kumi na saba. Wengine wamehamishwa na mbuzi kwenda upande wa vilima, mbali na mto. Wengine wamefungiwa nyumbani mpaka wageni wapite. Gredi ya 7 ni hivyo hivyo. Mama mmoja alikuja mpaka langoni kumtazama mtoto wake, akamkuta, akamchukua akaenda naye.

Kevin ametuma ujumbe kukumbusha kwamba siku ya Ijumaa lazima wawepo wanafunzi thelathini na tano au zaidi. Wakipungua, hakuna somo. Bila somo, Merti.

Bwana Duba aliniita ofisini. Akanisalimia kwanza salaam aleikum, akaniuliza habari ya mama watoto, akanimiminia chai. Hapo nikajua mambo ni mabaya sana. Akaniambia amekuwa mwalimu mkuu kupitia ukame, mafuriko na korona, na hajawahi kuona darasa likimalizwa na mbuzi ambaye hayupo. Akanipa mpaka Ijumaa.

 Madam Kendi aliosha kikombe chake taratibu.

Nilikaa stoo nikavaa miwani nikamtazama yule mbuzi. Watoto hawa nimewaahidi bahari. Nimewaahidi mwezi. Nikawaza sana, mpaka nikafikiri kwamba nikimbadilisha mbuzi, habari nazo zitabadilika.

Jumanne, 20 Mei

Apua bado anakuja. Babu yake hana hofu ya wageni, anasema kama kuna wa kuchukuliwa hatakuwa mjukuu wake, maana anauliza maswali mengi. Nikamwuliza kama mtu asiye na haja yoyote: babu akisoma utumbo, upande una maana? Akasema ndiyo, sana. Upande mmoja ni wetu, upande mwingine ni wa wengine. Ile habari mbaya ilikuwa upande wetu.

Basi! Kumbe ni kuigeuza tu.

Saa mbili nzima nilipekua mipangilio ya miwani. Nikaipata: geuza mwonekano, kushoto iwe kulia. Nikabonyeza. Mbuzi akageuka. Habari mbaya ikaenda kwa wengine, popote walipo, pole zao. Nikageuza miwani zote sita, kwa sababu zote zinafanana na sikutaka mtu aniulize ni ipi. Madam Kendi alipita mlangoni akanikuta na miwani mbili shingoni na moja kichwani. Nikamwambia nazisafisha.

Kesho Mzee anakuja kusoma tena. Nimemwambia Apua amwambie ni mbuzi mpya.

Jumatano, 21 Mei

Mzee Akolong alivaa miwani kwa muda wa kunywa nusu kikombe cha maji. Akaivua.

Akasema ni mbuzi yule yule. Anamjua, alimwona Ijumaa. Nikasema hapana Mzee, huyu ni mwingine. Akasema doa la kwenye utumbo ni lile lile, ila limehama. Kisha akainua mkono wake wa kushoto akaupiga ubavuni. "Mbuzi inaweka tumbo kubwa huku. Hii yako imeweka kule. Mwalimu, umefanya mbuzi nini?"

Nikasema imeboreshwa.

Akasimama. Akasema hajawahi kuona mbuzi wa namna hiyo, wa Wazungu wala wa Wachina, na mtu anayegeuza mbuzi ana kitu anaficha. Sasa ana hakika kuna jambo. Alipofika langoni alizungumza na kina mama waliokuwa hapo. Sikusikia alichosema, ila niliona wakishika watoto wao mikono.

Nimerudi stoo kuwarudisha mbuzi walivyokuwa. Sipaoni tena mahali penyewe! Nimepita kila mlango wa mipangilio. Mbuzi bado wamegeuka wote sita, na miwani moja sasa inazungumza Kifaransa.

Alhamisi, 22 Mei

Watoto kumi na wanne.

Niliketi ofisini nikiandika barua ya kuomba shirika litusogezee tarehe. Madam Kendi akaja na vikombe viwili vya chai. Kimoja kilikuwa chake, kile cha siku zote. Alinipa hicho. Hakutabasamu. Akaniambia nimweleze maneno ya Mzee kama alivyoyasema, bila kuongeza. Nikamweleza yote, isipokuwa habari ya kugeuza, kwa sababu haikuhusu.

 Kisha akasema Mzee hana ugomvi na miwani. Mzee aliulizwa habari na mbuzi asiyechinjwa na mtu, asiye na mwenyewe, akasema alichokiona kwa uaminifu. Sasa atarudishaje neno lake? Hawezi kusema tu kwamba amekosea. Anahitaji mbuzi mwenye mwenyewe. Na mbuzi wa wageni ameshanunuliwa, amefungwa nyuma ya jikoni, kesho atachinjwa vyovyote vile. Achinjwe asubuhi, wazazi wakiwepo. Mzee amsome. Halafu matumbo yaoshwe, yaletwe darasani, watoto watazame kwenye miwani na watazame mezani.

Nikamwambia hicho ndicho nilichokuwa nikifikiria.

Yeye na Bwana Duba walipanda bodaboda mbili mpaka kwa Mzee kumwomba kwa adabu. Wamerudi jioni. Mzee ameuliza swali moja tu, nani atachinja. Bwana Duba akasema atachinja yeye kwa mkono wake, kwa Bismillahi, ili kila mtu Burat aweze kula. Mzee akasema basi huyo ni mbuzi wa mtu.

Mimi nilibaki nikiandika hotuba ya kukaribisha wageni. Kurasa nne.

Ijumaa, 23 Mei

Siku yenyewe. Nitaandika polepole, maana nimeshiba na mkono ni mzito.

Saa moja na nusu asubuhi uwanja ulikuwa umejaa. Sijawahi kuona wazazi wengi hivyo, hata siku ya kugawa chakula cha msaada. Bwana Duba akachinja. Utumbo ukatandazwa juu ya majani safi. Mzee Akolong akakaa kwenye kigoda chake akatazama.  Hata wale wa kanisa langu walikuwepo, wamesimama nyuma kidogo, wakinyoosha shingo.

Akasema: mvua ni ndogo lakini iko. Mifugo salama. Wageni wanakuja na njaa, watakula, na watarudi mikono mitupu. Watu wakapumua kwa pamoja, nilisikia. Kisha akaongeza kwamba ndani ya ua huu kuna mwanamume mmoja wa kutoka milimani ambaye aibu inamtafuta. Wengi waligeuka kunitazama. Wametoka milimani watu wengi katika shule hii! Mimi ni wa Meru, lakini Madam Kendi pia ni wa Meru. Ingawa alisema mwanamume.

Watoto wakaanza kumiminika. Wengine walifuatwa kwa pikipiki hadi vilimani. Kufika saa nne tulikuwa na thelathini na tisa, Gredi ya 6 na ya 7 pamoja.

Kevin akaja na mkubwa wake, Bi. Jane, mama mtulivu mwenye daftari. Somo likaanza. Meza katikati, juu yake matumbo yameoshwa na kupangwa kama yanavyokaa ndani ya mbuzi. Sita wanavaa miwani, wengine wanashika na kuchora, halafu wanabadilishana. Madam Kendi aliuliza maswali. Mimi nilisoma hotuba. Nilikuwa ukurasa wa pili, kwenye maneno "karne ya teknolojia", Apua alipovua miwani.

Akasema tumbo kubwa liko upande usiofaa.

 Mwingine akavua, akasema hata yake. Wa tatu akasema yake pia, na zaidi ya hayo haelewi inasema lugha gani. Kevin akaichukua miwani akavaa, akaanza kutoka jasho. Akasema somo hili limepitishwa na wataalamu. Mimi nikaingilia haraka, nikasema mbuzi wa nchi nyingine wako hivyo.

Watoto thelathini na tisa wakacheka.

Bi. Jane akamwuliza Apua anajuaje. Apua akashika ubavu wake wa kushoto. Akaenda mezani, akaweka mkono juu ya tumbo kubwa, akaanza: nyasi zinaingia hapa, hazijasagwa vizuri, zinarudi mdomoni, mbuzi anacheua, zinashuka tena, zinapita hapa palipo kama sega la asali, kisha hapa penye kurasa kama kitabu, kisha hapa kwenye tumbo lenyewe la kusaga. Njia ya nyasi aliiona kwenye miwani, alisema, akaifuata yote kwa macho. Lakini upande aliujua kwa mikono. Kama miwani inasema vingine, miwani imekosea. Alisema yote hayo bila kusita, mbele ya wageni, huyu mtoto wa dawati la tatu. Mzee Akolong alikuwa mlangoni. Alivua kofia.

Bi. Jane aliandika muda mrefu. Halafu akasema ametembelea shule kumi na moja na kila mahali watoto walishangaa. Hapa ni mara ya kwanza kuona watoto wanaoiambia mashine imekosea, na kutoa ushahidi. Miwani inabaki Burat. Merti watatafutiwa nyingine.

Kelele zilizopigwa! Bwana Duba alimkumbatia mlinzi.

Kulikuwa na nafasi ya mimi kusema. Ilikuwepo, ndogo, pale kelele zilipopungua. Madam Kendi alikuwa ananitazama, na alikuwa anajua, maana aliniona Jumanne na zile miwani shingoni. Nikafungua mdomo. Nikasema asanteni kwa kuja.

Msimamizi wa miwani kuanzia leo ni Madam Kendi. Bwana Duba aliniomba ufunguo mbele ya watu wote. Ulikwama mfukoni, nikauvuta, leso na peremende mbili zikaanguka. Hapo nikamkumbuka Mzee, na mambo yake ya aibu.

Lakini gari lao lilipoondoka na sanduku likabaki mezani, nilimshika kila mtu mkono. Madam Kendi nilimshika mara mbili. Nilifurahi kweli. Nimefurahi mpaka sasa.

Jumamosi, 24 Mei

Nimerekebisha mlango wa choo. Nusu. Kagure ameniuliza kwa nini sikuwaambia wale wageni ukweli. Nikamwambia ukweli ungewachanganya. Akasema waliochanganyikiwa anawajua.

Jumatatu, 26 Mei

Madam Kendi amewarudisha mbuzi wote sita sawasawa kwa dakika tano. Tano! Na ile ya Kifaransa pia.

Kisha akanifuata darasani watoto walipotoka. Akaniambia Kevin alipiga simu. Waliotengeneza somo wamepima, wakaona kwao mbuzi yuko sawa, na wanauliza kama kuna mtu shuleni aliyegusa mipangilio. Yeye akawaambia miwani zilibanwa kwenye stoo iliyojaa vitu, huenda kitu kilibonyezwa, na sasa zimerekebishwa. Yameishia hapo. Akasema alifanya hivyo kwa ajili ya watoto, na kidogo kwa ajili yangu, kwa sababu ule mpango wa mmoja kusimulia na wengine kuandika ni mzuri, na anautumia Gredi ya 7. Ila nisiguse mipangilio tena. Nikamwahidi.

Niliguswa sana. Mpango wangu! Nikamwambia yeye ni mtu mwema na kwamba nilimdhania vibaya. Akatabasamu, na leo tabasamu lenyewe sikuona lina ubaya.

Jioni nikaketi nikafikiri. Bi. Jane anarudi mwezi wa saba kuona maendeleo. Alipenda nini hasa? Hakupenda hotuba. Hakupenda picha zangu kumi na nne. Alipenda kosa. Kosa moja tu limetubakishia miwani sita. Je, makosa manane? Tunaweza kupata chumba kizima cha kompyuta. Na watoto ni lazima waanze kuzoea kuyatafuta mapema, hilo halihitaji digrii kulielewa.

Kesho Madam Kendi anafundisha sayari. Nimejitolea kupanguza miwani vumbi kabla ya somo. Alisita. Halafu akanipa ufunguo, kwa kuwa nilikuwa nimeahidi.

Mahali pa mipangilio nimepaona haraka, sasa nina uzoefu. Kesho jua litachomoza magharibi. Nimejaribu uso wa kushangaa mbele ya kioo, na Kagure ameniuliza kama ninaumwa na jino.